Ruwenzori: bonde la Bujuku na Ziwa Mahoma, kweli ni barafu ilifanya au tunadanganywa?

#1 Katindo_Boy (Goma)
Wakubwa na wadogo, salamu.

Mwezi uliopita tulivuka Uganda tukapanda Ruwenzori kwa njia ya Nyakalengija. Kilele cha Margherita hatukufika, pesa ya kukodi kamba na viatu vya barafu ilitushinda. Tulizunguka tu kambi kwa kambi: Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Kitandara, halafu tukashuka kwa kupitia Ziwa Mahoma.

Muongozaji kila kona anatuambia: bonde hili barafu ilichonga, ukuta huu barafu iliacha, ziwa hili barafu iliziba. Sasa mimi ni mtoto wa Goma. Kwetu jiwe likikaa mahali, ujue volkano ndiyo ililileta. Ziwa likizibwa, ni volkano imeziba. Lac Kivu (Ziwa Kivu) yenyewe zamani ilitoa maji yake kaskazini, upande wa Lac Edouard. Virunga ikaota katikati, maji yakapanda mpaka yakapata mlango wa Ruzizi. Hiyo naielewa, ushahidi naukanyaga kila siku. Lakini Mahoma iko ndani ya msitu, chini ya mita 3,000, na barafu ya leo ukitaka kuiona lazima uinue shingo. Na tuko kwenye ikweta!

Dai langu: bonde ulichonga mto, na Mahoma ilizibwa na mlima ulioanguka. Mwenye kunipinga aje na sababu. Na nyie mnaokaa nchi za baridi, ukiwa njiani unajuaje kwamba hapa barafu ilipita?

#2 Chukudu4x4 (Goma)
Kwanza utuambie ulivaa nini. Mwenzangu alienda na raba za mpira wa miguu, alirudi na moja.

#3 Katindo_Boy (Goma)
@Chukudu4x4 Buti za mvua, mutani, za mpira kabisa. Kule kwenye kinamasi cha Bigo ukikosa buti unabaki unalia katikati ya tope. Tusitoke kwenye mada.

#4 Mwalimu_Faida (Bukavu)
Habari zenu. Nafundisha jiografia sekondari, acha nianze na volkano ili tuiondoe mezani. Ruwenzori si volkano. Ni pande kubwa la miamba ya zamani sana, naisi na shisti, lililosukumwa juu katikati ya nyufa za Bonde la Ufa. Lava ya kuziba bonde la Mubuku au Bujuku haipo.

Kuhusu mto: mto unakata kwenda chini. Angalia Ruzizi kati ya Bukavu na Kamanyola, kingo zimebanana na mto umejaza sakafu yote. Barafu haikai chini tu kama maji, inajaza bonde zima, inasugua sakafu na kuta kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu bonde lake lina sakafu pana na kuta zilizosimama. Wewe mwenyewe ulipita Bujuku, ulionaje?

#5 Katindo_Boy (Goma)
@Mwalimu_Faida Sakafu pana niliiona, sikatai. Lakini Ruzizi tambarare, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, nayo ina sakafu pana na milima imesimama huku na huku. Kule barafu ilipita lini?

#6 Chukudu4x4 (Goma)
Mwalimu amepigwa chenga 😂

#7 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Wakuu, naona mnavutana kwa kitu ambacho sisi waongozaji tunaulizwa kila wiki. Umbo la bonde peke yake halitoshi. Bonde la Ruzizi ni ardhi iliyozama kati ya nyufa, kisha mto na ziwa vikaijaza mchanga. Hata Bigo aliyopita Katindo_Boy ni tambarare kwa sababu majani na matope yameijaza, ukichimba hujui sakafu halisi iko wapi.

Nikienda mahali, natafuta vitu vingine. Naangalia mwamba wa chini: je, umesuguliwa laini upande unaotazama juu ya bonde, na upande wa chini umebaki umevunjikavunjika? Je, una mikwaruzo inayokwenda sambamba kufuata bonde? Barafu tupu haikwaruzi mwamba, yanayokwaruza ni mawe yaliyoganda chini yake. Naangalia mabonde madogo ya pembeni: je, yanaishia hewani, maji yanaporomoka ukutani badala ya kuungana chini? Hiyo ni kwa sababu barafu kubwa ilichimba zaidi kuliko ndugu zake wadogo. Halafu naangalia lundo lenyewe. Mto hupanga: mawe makubwa huku, changarawe pale, mchanga mbele. Barafu haipangi, inamwaga jiwe la ukubwa wa nyumba pamoja na unga wa udongo.

Na mtu asiseme volkano na barafu havikai pamoja. Kilimanjaro ni volkano, Mlima Kenya ni volkano ya kale, na ukipita bonde la Teleki kule Kenya utaona kazi ya barafu waziwazi.

#8 Katindo_Boy (Goma)
@Mgumu_wa_Machame Hapo kwenye lundo lisilopangwa nakukamata, mukubwa. Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mvua kubwa ilishusha mawe makubwa, magogo na tope pamoja, ikazika watu wetu. Ile nayo haikupanga kitu. Kama mjiolojia angefika baada ya miaka 10,000 bila kujua habari, angesema barafu?

#9 Mwalimu_Faida (Bukavu)
Mungu awapumzishe wale ndugu zetu.

Swali lako ni zuri na hata wataalamu linawasumbua. Ila angalia umbo la lundo. Maporomoko yanaacha kovu juu ya mteremko yalikotoka na mkia chini yake. Barafu inaacha matuta marefu kando zote mbili za bonde, na mbele yanakutana kwa kujipinda. Ziwa Mahoma limekaa ndani ya mpindo wa namna hiyo. Na matuta ya aina hiyo yanashuka bonde la Mubuku mpaka karibu na mita 2,000.

#10 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Naongeza kwa Katindo_Boy: kwa Mahoma niko na mwalimu. Kwa Ziwa Bujuku lenyewe sijui kama ningekupinga kwa nguvu. Nilipopita pale nikaangalia vifusi vilivyoshuka kutoka upande wa mlima Baker, niliona kabisa mlima unaweza kuwa umeanguka ukaziba, baada ya barafu kuondoka. Kuta zikikosa barafu ya kuziegemea, zinaporomoka.

#11 Katindo_Boy (Goma)
Bon. Goli moja langu, liandikwe.

#12 Dereva_Fargo (North Dakota)
Salamu toka baridini. Mimi mzaliwa wa Birere, Goma, sasa naendesha trela Marekani, kambi yangu ni Fargo. Nyie mnatafuta barafu milimani, mimi nimeikuta kwenye tambarare.

Fargo hakuna hata kilima. Unaona taa za mji kabla hujafikiri umekaribia. Niliuliza mzee mmoja wa shamba kwa nini ardhi imenyooka hivi, akasema tuko chini ya ziwa. Nikadhani amelewa. Kumbe kweli: barafu ilipokuwa inayeyuka kurudi kaskazini, ilizuia maji yasiende, likatanda ziwa kubwa kuliko Maziwa Makuu yote ya Amerika ukiyajumlisha. Wameliita Agassiz, kwa jina la Louis Agassiz, Mswisi aliyesimama mwaka 1837 akasema dunia ilipita kipindi cha barafu. Tope lililotulia chini ya ziwa lile ndilo shamba la leo la ngano na viazi sukari. Ukienda mbali kidogo unavuka vituta vya mchanga, ndiyo ufukwe wa zamani, na hakuna maji.

Mto wa hapa, Red River, unaenda kaskazini. Majira ya kuchipua huku kusini barafu inayeyuka, kule mbele mto bado umeganda, maji yanakosa njia, na kwa kuwa ardhi haina mteremko yanatandaa tu. Mwaka 1997 Grand Forks ilizama hivyo.

Halafu sasa shika barabara kuu ya I-94, uingie I-90, uende La Crosse kule Wisconsin. Ghafla milima, mabonde membamba, kona kali, gari inaomba gia. Sehemu ile barafu iliizunguka, haikuipanda. Pembeni zote imesawazisha, pale katikati imeruka. Dereva hahitaji ramani, mafuta ya gari yanamwambia.

#13 Chukudu4x4 (Goma)
@Dereva_Fargo wewe ukiangalia vituta na ufukwe, usukani anashika nani?

#14 Dereva_Fargo (North Dakota)
Usukani nashika mimi, mutani. Wewe shika chukudu yako ya mbao ya kubebea mizigo.

#15 Mwangaza_Himbi (Goma)
Juu ya nini barafu iruke mahali pamoja tu? Haileti maana.

#16 Dereva_Fargo (North Dakota)
@Mwangaza_Himbi Kuna wanaosema miinuko ya kaskazini iliigawanya, na shimo la Lake Superior na Lake Michigan likaivuta pembeni. Wengine wanasema mwamba wa pale unanyonya maji, barafu ikakosa utelezi chini. Nimesikia zote mbili, chagua.

Lakini Katindo_Boy, kitu cha kukufaa wewe mtu wa lava ni Washington. Toka Spokane kuelekea Seattle kwa I-90. Chini ni lava tupu, basalti, imetandikwa mamilioni ya miaka iliyopita juu ya eneo ambalo Kivu zetu mbili hazilijazi. Ukifika Vantage, pale barabara inavuka mto Columbia, kuta za basalti zimesimama kwa nguzo nguzo, ungedhani ni kazi ya fundi. Sasa ile lava imekatwakatwa na mabonde makubwa yasiyo na mto ndani. Makavu! Kuna mahali panaitwa Dry Falls, ukuta wa maporomoko upana zaidi ya kilomita 5, kimo kama mita 120, na hakuna maji yanayoanguka.

Mjiolojia mmoja, J Harlen Bretz, mwaka 1923 akaandika kwamba yale ni mafuriko, tena ya ghafla. Wenzake walimcheka miaka na miaka: maji hayo yote yatoke wapi? Jibu lilikuwa Montana. Ulimi wa barafu uliziba mto Clark Fork, nyuma yake likajaa ziwa Missoula, na barafu iliposhindwa kushika, maji yakatoka yote kwa mpigo. Barafu ikaziba tena, ikapasuka tena, mara nyingi. Ukipita mji wa Missoula na trela, inua macho kwenye kilima cha juu ya mji: utaona mistari ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, ndiyo fukwe za ziwa lile. Bretz walimpa medali kubwa ya jiolojia mwaka 1979, akiwa mzee wa miaka tisini na kitu.

Kwa hiyo yule mjiolojia wako wa miaka 10,000 ijayo pale Kalehe, huenda wenzake watamcheka naye.

#17 Katindo_Boy (Goma)
@Dereva_Fargo Hii ndiyo nilitaka. Aksanti. Na unaona, hata kule kilichochonga ni maji! Barafu ilifunga tu mlango.

#18 Mama_Baraka (Vaasa)
Jamani na mimi nichangie. Nimetoka Bukavu, Kadutu, nalea wazee hapa Vaasa, Finland. Mzee mmoja aliniambia baba yake alikuwa anafunga mtumbwi pale ambapo leo ni bustani ya jirani. Nikasema uzee. Mtoto wangu akarudi na somo lile lile toka shule.

Barafu ilikuwa nene, inafikiriwa kilomita mbili au tatu, ikalala juu ya nchi hii muda mrefu mpaka ardhi ikadidimia. Ilipoondoka, ardhi inapanda mpaka leo. Hapa kwetu ni kama milimita 8 au 9 kila mwaka. Bahari inarudi nyuma, visiwa vinazaliwa, kijiji cha wavuvi kinabaki mbali na maji. Kila mwaka eneo hili linapata karibu kilomita moja ya mraba ya nchi mpya. Sehemu ya visiwa, Kvarken, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Nikipanda ndege naona vituta vidogo vimejipanga baharini sambamba, kimoja nyuma ya kingine, barafu iliviacha ikirudi nyuma.

Kuhusu swali la njiani: nikienda Helsinki kwa gari, naona majiwe makubwa yamekaa peke yake katikati ya shamba. Mengine ni ya mwamba usiofanana na wa chini yake. Hakuna mlima karibu wa kuyaangusha, hakuna mto wa kuyabeba. Katindo_Boy, mlima gani ulianguka hapo?

#19 Mwangaza_Himbi (Goma)
Nchi mpya kila mwaka na hakuna anayepigania mipaka? Ingekuwa kwetu...

#20 Mama_Baraka (Vaasa)
@Mwangaza_Himbi Wana sheria. Ardhi ikitoka majini ni ya wenye maji yale, mara nyingi ni ushirika wa kijiji. Wanagombana pia, ila kwa barua.

#21 Katindo_Boy (Goma)
@Mama_Baraka Heshima kwako mama. Kwa Finland nakubali. Huko ni karibu na ncha ya dunia. Mimi nauliza ikweta.

#22 Musafiri_Mutwanga (Beni)
Mnazungumza Ruwenzori yote kwa upande wa Uganda, kana kwamba mlima una uso mmoja. Mimi nimezaliwa Mutwanga. Baba alikuwa pagazi wakati watalii bado wanapanda kwa upande wetu, kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu mpaka Kiondo. Sasa barabara ya Beni mnajua hali yake, nisiseme mengi.

Juu kule kuna Lac Noir, Lac Vert na Lac Gris, chini ya mlima Stanley. Lac Gris iko karibu zaidi na barafu. Baba alisema zamani barafu ilikuwa inashuka karibu na kibanda, yeye mwenyewe aliigusa bila kamba. Kilele, Margherita, mita 5,119, kiko mpakani kabisa, nusu yetu.

Wazee wa Banande na Bakonzo wanasema juu ndiko anakaa Kitasamba, mungu wa mlima, na theluji ni ya kwake. Barafu ikipungua, wanauliza nani amemkasirisha. Hamjaweka sababu hiyo kwenye orodha yenu.

#23 Chukudu4x4 (Goma)
Lac Vert si iko hapa Mugunga, njia ya Sake? Unataka kutuibia ziwa?

#24 Musafiri_Mutwanga (Beni)
@Chukudu4x4 Yenu ni shimo la volkano. Yetu ni nyingine. Uje na chukudu uhakikishe.

#25 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Mkuu Musafiri, 5,119 iko kwenye ramani za zamani. Siku hizi inaandikwa 5,109.

#26 Musafiri_Mutwanga (Beni)
Hata mita kumi mmetunyang'anya 😅

#27 Mwalimu_Faida (Bukavu)
Baba yake Musafiri aliona sawasawa. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano, alipanda na mpiga picha Vittorio Sella. Picha zile zipo. Barafu ya Ruwenzori wakati ule ilikadiriwa kilomita za mraba 6.5 hivi. Mwaka 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba.

Sababu ndiyo ugomvi. Kundi moja la watafiti linasema ni joto: hewa ya juu imepata joto, mstari wa kuganda umepanda. Wengine wakajibu kwamba barafu ya Afrika Mashariki ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo hewa ilianza kuwa kavu, mawingu yakapungua, jua likaipiga moja kwa moja.

#28 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaambiwa hivyo hivyo. Kule barafu nyingi inatoka kwenye hali ya kuganda kwenda mvuke bila hata kuwa maji, kuta zake zimesimama wima. Kutoka 1912 hadi 2011 zaidi ya asilimia 80 imekwenda. Kuna wanaolaumu pia kukatwa kwa misitu ya chini. Mimi naona msitu ni sababu dogo, lakini wazee wa Machame hawanielewi nikisema hivyo.

#29 Mwangaza_Himbi (Goma)
Kama ukame ndio unaua barafu, basi ile barafu kubwa ya zamani iliyofika Mahoma ilikuja wakati wa mvua nyingi. Hapo kila kitu kimeeleweka, tufunge uzi.

#30 Mwalimu_Faida (Bukavu)
@Mwangaza_Himbi Usifunge. Ni kinyume. Mawe ya matuta ya Ruwenzori yamepimwa umri, na barafu ilikuwa kubwa kati ya miaka 24,000 na 20,000 iliyopita. Wakati ule ukanda huu ulikuwa baridi na mkavu, na miaka elfu chache baadaye Ziwa Victoria lenyewe lilikauka. Tope la chini ya Mahoma lilipimwa tangu miaka ya 1960, likatoa zaidi ya miaka 14,000, maana yake barafu ilikuwa imeshatoka pale. Kwa hiyo baridi ilitosha kuilea, hata bila mvua kubwa.

#31 Katindo_Boy (Goma)
Yaya Faida, hiyo tarehe ya mawe wanaipataje? Jiwe halina cheti cha kuzaliwa.

#32 Mwalimu_Faida (Bukavu)
Jiwe likiwa chini ya barafu limejificha. Barafu ikilitua juu ya tuta, miale kutoka angani inaanza kulipiga na kutengeneza aina fulani ya berili ndani ya kwatzi. Unachukua kipande cha juu, maabara inahesabu. Jiwe likigeuka au likifunikwa na udongo, hesabu inaharibika, ndiyo maana wanachukua mengi.

#33 Mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)
Salamu toka Lshi. Nyie watu wa Kivu mnashangaa barafu ya juzi, miaka 20,000. Sisi tunachimba chini ya barafu ya zaidi ya miaka milioni 650.

Nafanya kazi ya kupanga sampuli za kuchimba upande wa Kolwezi. Kuna mwamba tunauita Grand Conglomérat. Ukishika sampuli unaona tope jeusi lililogeuka jiwe, ndani yake mawe ya kila rangi na kila ukubwa, mengine yana mikwaruzo. Haijapangwa, kama alivyosema Mgumu pale #7. Tumefundishwa ni mabaki ya barafu, wakati ambapo dunia karibu yote iliganda hadi ikweta. Juu yake kuna chokaa ya Kakontwe, ile inayochimbwa karibu na Likasi. Juu zaidi kuna Petit Conglomérat, barafu ya pili, nayo imefunikwa na chokaa ya waridi. Na shaba ya mgodi wa Kamoa iko kwenye tabaka la chini kabisa la Grand Conglomérat. Kwa hiyo ukisafiri Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, umepita nchi ya barafu na vumbi limekujaa kichwani.

#34 Ing_Kamalondo (Lubumbashi)
Mdogo wangu @Mutoto_wa_Katuba, usiwape watu nusu ya habari. Hiyo ndiyo tuliyofundishwa sisi sote, lakini kuna wajiolojia walioangalia upya sampuli za Kamoa wakasema sehemu kubwa ya Grand Conglomérat ni tope na mawe yaliyoteleza chini ya maji, wakati bonde la ufa la zamani lilikuwa linapanuka na kingo zake zinaanguka. Matabaka yanaonyesha mteremko mmoja baada ya mwingine. Barafu inaweza kuwa ilikuwepo milimani, lakini lundo lenyewe ni la kuanguka.

#35 Katindo_Boy (Goma)
Kuanguka! Asante mzee Kamalondo. Goli la pili.

#36 Mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)
Yaya, na yale mawe yaliyodondoka peke yake ndani ya tabaka laini, yakabonyeza mistari ya chini yake? Nani aliyatupa kama si kipande cha barafu kilichoelea kikayeyuka? Na juu ya nini lundo la namna hiyo lipo Zambia, lipo Namibia, lipo Australia, na karibu kila mahali chokaa inafuata juu?

#37 Ing_Kamalondo (Lubumbashi)
Mawe ya kudondoka yapo, sikatai, ni machache na yako sehemu fulani. Umri wa Zambia na Namibia kufanana si lazima chanzo kifanane. Bara lote lilikuwa linapasuka wakati ule. Njoo ofisini na kisanduku chako cha sampuli tuhesabu.

#38 Chukudu4x4 (Goma)
Mimi ninavyoelewa mpaka hapa, barafu ni chukudu iliyopakizwa majiwe, inashuka bila breki. Ikisimama ni tuta, ikipinduka ni maporomoko. Wote mko sawa, lipeni bia.

#39 Mwalimu_Faida (Bukavu)
Kabla ya bia: Kivu nayo ina ya kwake, si ya juzi wala ya Katanga. Upande wa Walikale kuna mabaki ya barafu ya wakati wa Karoo, kama miaka milioni 300 iliyopita, Afrika ikiwa imeungana na Amerika Kusini na Antaktika na iko karibu na ncha ya kusini. Mjiolojia Boutakoff aliyaandika mwaka 1948. Ya ukoo huo yapo pia Kalemie, kwenye Lukuga, chini ya makaa ya mawe. Nani amepita barabara ya Walikale na kuangalia kuta zake?

#40 Mwangaza_Himbi (Goma)
Barabara ya Walikale mtu anaangalia shimo la mbele, mwalimu, si ukuta. Niliona tu udongo mwekundu na lori lililozama.

#41 Mama_Baraka (Vaasa)
Swali la pembeni: Karisimbi nayo inakuwa nyeupe juu asubuhi nyingine, nakumbuka tukiwa wadogo Goma kwa shangazi. Hiyo si barafu?

#42 Katindo_Boy (Goma)
@Mama_Baraka Ni theluji au mvua ya mawe, jua likipanda inaisha. Karisimbi ni mita 4,507. Ila ungeniuliza kama zamani ilikuwa na barafu ya kudumu, sijaona tuta lolote, na lava ingekuwa imelizika.

#43 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Hapo umejibu kisomi. Volkano ikimwaga lava inafuta daftari lake. Ruwenzori haina moto, ndiyo maana maandishi yamebaki.

#44 Musafiri_Mutwanga (Beni)
Nimepata picha kwenye simu ya kaka yangu, alipanda na walinzi wa hifadhi kabla barabara haijafungwa. Mwamba laini njiani kwenda Kiondo, una mistari sambamba inayoelekea chini ya bonde. Naiweka hapa. Mgumu, mwalimu, semeni.

#45 Chukudu4x4 (Goma)
Hiyo ni mapagazi wananolea panga.

#46 Mgumu_wa_Machame (Moshi)
Panga halikwaruzi naisi namna hiyo. Lakini mwamba wenyewe una matabaka yake, na maji yakilamba tabaka laini yanaacha mistari sambamba pia. Mistari inakata matabaka au inayafuata? Kwenye picha sioni.

#47 Ing_Kamalondo (Lubumbashi)
Inayafuata. Si barafu.

#48 Mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)
Kuza picha upande wa kulia, yaya. Pale inakata.

#49 Katindo_Boy (Goma)
Musafiri, mwambie kaka atafute nyingine ya mwamba huo huo, ya karibu, yenye kalamu au buti pembeni tujue ukubwa. Na atuambie alikuwa ameelekea wapi alipopiga.